Kahawa Isiyotafunwa

Kila asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kumpelekea Bibi maji ya kunawa, nilimpitia Esther, mwanafunzi mwenzangu, tukaenda shule pamoja. Njia ilikatiza kwenye migomba na mibuni, na njia nzima nilikuwa namsahihisha Kiingereza chake. Mimi nilikuwa nimesoma miaka minne kwenye shule ya Kiingereza pale Kashai, mjini Bukoba, kabla baba hajahamishwa kikazi na kuniacha kwa Bibi huku Muleba. Basi nikajiona malkia. Darasa la saba zima niliona limejaa washamba, na sikuwaficha.

Ndipo akaja Mwalimu Liisa kutoka Ufini, amejitolea kutufundisha Kiingereza kwa mwaka mmoja. Tulitarajia mzungu wa maana, mwenye gari na peremende mfukoni. Huyu alishuka kwenye bodaboda amekumbatia begi lililochakaa, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alipewa chumba kimoja nyuma ya shule. Soksi alifua mwenyewe na kuzianika kwenye ua. Siku aliyojaribu kumenya ndizi za kupika, alikuja darasani na vidole vyeusi kwa utomvu.

"Mzungu gani huyu?" nilimwambia Esther. "Hata ndizi inamshinda!"

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba Kiingereza hakikuwa lugha ya kwao. Alituambia mwenyewe siku ya kwanza, bila haya yoyote, kuwa amekisoma darasani kama sisi. Halafu huyo huyo akanipa alama sita kati ya ishirini kwenye insha! Chini aliandika: "Maneno mengi, lakini sijaona ulichotaka kusema." Esther, ambaye alieleza tu jinsi mama yake anavyoanika kahawa, alipata kumi na nne. Tangu siku hiyo nilimdharau Mwalimu Liisa kwa moyo wote.

Mwalimu Liisa alitaka tubaki alasiri baada ya vipindi tujiandae na mtihani wa kumaliza. Wazazi wengi hawakutaka, kwa sababu saa hizo watoto husaidia shambani. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Mwijage, akamshauri apite nyumba kwa nyumba akawaombe.

"Dativa atakuongoza," alimwambia mbele yangu. "Usilolijua, muulize yeye."

Jumamosi tukatoka. Tulipokaribia nyumba ya kwanza, Mwalimu Liisa akasimama.

"Dativa, nimeambiwa nitapewa kahawa ya kutafuna. Nifanyeje nisije nikamkosea mtu?"

Mtoto yeyote wa Kihaya anajua jibu. Kahawa huchemshwa ikiwa mbichi, ikakaushwa, ikawekwa kwenye kikapu kidogo kwa ajili ya wageni. Mwenyeji hutafuna punje yake kwanza, mgeni akimwona, ili ajue haina sumu. Kisha humkaribisha mgeni, naye hutafuna papo hapo. Asipotafuna, amemwambia mwenyeji wake kuwa ni muuaji. Hayo yote niliyajua tangu sijaota meno ya mbele.

"Usile mbele yao, wataona una uroho," nilimwambia. "Pokea kwa mikono miwili, funga kwenye kitambaa, ukale nyumbani."

Akatoa daftari, akayaandika yote. "Asante sana. Bila wewe ningeaibika."

Nilijiuma mdomo nisicheke. Mtu mzima, mwalimu, anaandika uongo wangu kama imla!

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Kagaruki, mwenyekiti wa wazazi. Alitupokea kwa furaha, akatafuna punje yake, akasogeza kikapu. Mwalimu Liisa alipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akafunga punje zile kwenye kitambaa na kutia kwenye begi. Taya la mzee likasimama. Alitazama begi, akanitazama mimi, nami nikatazama dari. Maongezi yote baada ya hapo yalikuwa "ndiyo" na "tutaona". Tukapita nyumba nyingine tatu hivyo hivyo, na kila tulipotoka Mwalimu Liisa aliniuliza kama amefanya vizuri.

"Vizuri sana, Mwalimu," nilijibu.

Habari ilienea kijiji kizima, na Jumatatu alasiri, kati ya wanafunzi thelathini na wawili, walibaki watano. Esther hakuwemo. Nilimkuta njiani na jembe begani, macho yamevimba.

"Mama amekataa," alisema. "Anasema yule mwalimu anatuona sisi wachawi, tunatia watu sumu. Dada yangu aliangushwa na Kiingereza, Dativa, na sasa ni mimi."

Nilitaka kumcheka, lakini kicheko hakikutoka.

Jumatano wazazi waliitisha mkutano shuleni, na sisi wa darasa la saba tukaambiwa tuwepo. Mzee Kagaruki hakupoteza muda.

"Tumempokea huyu binti kwa mikono yetu," alisema. "Nimetafuna mbele yake ili asiogope. Yeye kafunga kahawa yangu kwenye kitambaa! Anaipeleka wapi? Ikapimwe? Mwalimu mkuu, waitu, ndugu yetu, tunaomba aondoke. Hatuwezi kumpa watoto mtu anayetuona wauaji."

Wazazi wakaitikia kwa sauti. Mwalimu Liisa alisimama, mashavu mekundu, daftari mkononi. Mwalimu Mwijage akamuuliza: "Ni nani alikufundisha kufanya hivyo?"

Ukurasa ulikuwa wazi mbele yake. Alinitazama kidogo tu, akafunga daftari.

"Ni kosa langu," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mimi ni mgeni. Sikuelewa vizuri. Nisameheni."

Wazo langu la kwanza, na ninaona haya kulisema, lilikuwa: mjinga kweli huyu. Lakini nikamwona Esther amejiinamia, na mama yake amemshika mkono tayari kumwondoa. Nikamwona Bibi kwenye benchi la nyuma. Bibi hakuwa anamtazama mwalimu, alikuwa ananitazama mimi. Nikasimama.

"Ni mimi," nilisema. "Aliniuliza, nikamdanganya. Nilitaka aaibike kwa sababu aliniangusha kwenye insha."

Mzee Kagaruki alinitazama juu mpaka chini.

"Kiingereza chote hicho," alisema, "na hukupata hata sentensi moja ya kweli ya kumwambia mgeni?"

Mwalimu Liisa akafungua begi lake. Kahawa yote ilikuwepo, mafundo manne ya kitambaa, kila moja na kikaratasi chenye jina la nyumba.

"Sikuila," alisema. "Nilitaka kumpelekea mama yangu, aone nimepokewa vizuri."

Mama yake Esther akaweka mkono mdomoni. Mzee Kagaruki akachukua fundo lake, akalifungua, akatafuna punje moja, akampa mwalimu nyingine. Mwalimu Liisa akaitia mdomoni. Uso wake ulijikunja wote kwa uchungu, lakini hakutema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Alasiri ile ile walibaki wanafunzi thelathini. Esther alikaa mbele kabisa.

Adhabu yangu aliitoa Bibi. Jumamosi nilirudi nyumba zile nne pamoja na Mwalimu Liisa, kueleza kwa mdomo wangu nilichofanya. Kwa Mzee Kagaruki nilisema yote, nikapiga magoti, nikaomba radhi. Akanisamehe. Kisha akaleta kikapu. Akatafuna, akampa Mwalimu Liisa, akampa Bibi aliyetusindikiza. Nikanyoosha mikono. Kikapu kikapita mbele yangu na kurudi mezani.

"Msamaha nimekupa, mjukuu wangu," alisema, wala hakuwa na hasira. "Kahawa bado. Mgeni ni kipofu hata akiwa na macho, na wewe uliyepewa kumshika mkono ulimpeleka shimoni. Elimu ya kumfanya mwenzako aonekane mjinga si elimu. Kahawa hupewa mtu anayeaminiwa, na kuaminiwa hakuombwi kwa magoti. Nenda kafanye kazi, nitakuona."

Nikafanya kazi. Alasiri nilimsaidia Esther na wenzake, safari hii bila kumcheka mtu. Mwalimu Liisa nilimfundisha salamu za Kihaya, na kumenya ndizi kwa mafuta mikononi ili utomvu usigande. Insha zangu zikawa fupi. Mzee Kagaruki alikuwa akipita shuleni, akichungulia dirishani, kisha akiendelea na njia yake.

Wiki moja kabla ya mtihani nilitumwa kwake kupeleka barua ya mwalimu mkuu. Aliisoma, akaikunja, akaingia ndani. Alirudi na kikapu, akatafuna punje yake taratibu akinitazama, kisha akakisogeza mbele yangu.