Jibu la Jumapili

Kila Jumamosi gulio la Lyulilo, ufukweni mwa ziwa, huanza na mitumbwi. Inatoka Ikombe imejaa vyungu, wanawake wa Kikisi wanavishusha kimoja kimoja, na ikifika saa nne mchanga wote umeshageuka duka. Dagaa waitwao usipa wanakaangwa huku, ndizi zinapangwa kule, na kila mtu anapiga kelele kumshinda mwenzake.

Ambokile alifika hapo na shati jeupe la mikono mirefu na viatu vyeusi vya ngozi, mavazi ambayo mwenye akili zake havai kwenda ufukweni. Alikuwa fundi simu wa Kyela mjini, mwenye miaka thelathini na moja, na siku hiyo alikuwa ametumwa mtungi wa maji na baba yake, Mzee Ebeneza wa Ikolo. Mzee alikuwa hataki kusikia habari za friji.

Alikuwa anagongagonga mtungi kwa kidole kama mtu anayejua anachofanya, ndipo akasikia sauti nyuma yake.

"Kaka, sogea. Watu wanaangalia mgongo wako."

Akageuka. Mbele yake alisimama msichana mrefu, kitenge cha bluu kimefungwa kiunoni, udongo umemkauka hadi kwenye viwiko, simu mkononi.

"Watu gani?"

"Ndugu zangu. Wako Dar, Mbeya, wengine Karonga, ng'ambo ya mpaka. Nawaonyesha vyungu mtandaoni."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja tu?" Ambokile alicheka.

"Kumi na mmoja wanaoweza kuniambia huo mtungi uliougusa unaitwaje. Wewe unaweza?"

"Mtungi."

"Kwa Kikisi?"

"Mimi Mnyakyusa, dada."

"Haya, kwa Kinyakyusa."

Ambokile akauinua mtungi, akautazama chini kana kwamba jina limeandikwa huko. Wale kumi na mmoja walimwona vizuri alivyotahayari, na mmoja wao akacheka mpaka simu ikakoroma. Halafu picha ikaganda.

"Ona sasa, umeniharibia," alisema msichana.

"Sijakuharibia, ni simu yako. Nipe. Ugonjwa wake naujua." Aliishika, akafuta hiki, akazima kile, akamrudishia ikifanya kazi. "Naitwa Ambokile. Kinyakyusa nakisikia kidogo, kukisema ndiyo shida. Lakini nyumbani nina mzee anayekijua chote."

"Mimi Lusungu. Basi niletee huyo mzee," alisema msichana, "na mtungi nitakupunguzia."

Hivyo ndivyo kilivyoanza kikao cha Mugonile, kilichopewa jina la salamu ya heshima ya Wanyakyusa. Kila Jumapili saa kumi alasiri watu walifungua simu zao popote walipo. Lusungu alifundisha vyungu na maneno ya Kikisi, Mzee Ebeneza alifundisha Kinyakyusa na mambo ya zamani, na Ambokile akawa fundi wa mitambo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaruhusu watu kuingia, akiwakumbusha kununua bando na kuwazima maiki waliosahau kwamba wanasikika wakigombana na watoto wao. Watu kumi na mmoja wakawa arobaini, wakawa tisini. Mabinti waliozaliwa Dar wakajifunza kumwamkia bibi yao kwa lugha yake, na mabibi wakalia.

Na fundi akapenda. Alimpigia Lusungu asubuhi kumuuliza kama udongo umekauka, akampigia mchana kumuuliza kama amekula.

"Leo umenipigia mara nne, Ambokile. Simu za wateja unatengeneza saa ngapi?"

"Wateja watasubiri. Wewe je, utasubiri?"

"Nisubiri nini?"

"Nikupate vizuri."

"Jifunze kwanza kuketi kwenye mtumbwi bila kufumba macho, ndipo uje kunipata," alisema Lusungu, na kicheko chake kikakaa sikioni mwa fundi siku nzima.

Jumapili moja Mzee Ebeneza alifundisha jambo ambalo hakuwahi kulisema hata nyumbani kwake.

"Zamani mwanamke akishakubali kuolewa," alisema, "hatazamani tena na baba mkwe. Wakikutana njiani, yeye anaingia kichakani au anajifunika nguo, na mkwe naye anaziba uso. Jina la mkwe halitamki, na hata neno linalofanana nalo analikwepa, anatafuta lingine. Msidhani ni chuki. Ni heshima, na ndiyo alama kwamba yeye sasa ni wa nyumba ile. Hasemi kwa mdomo kwamba nimekubali. Anaficha uso, watu wanaelewa. Marehemu mke wangu Veronika alimficha baba yangu uso miaka kumi na tisa. Siku hizi nani anafanya? Naona litazikwa na mimi."

Lusungu, kule Ikombe, aliacha kusugua chungu akabaki ameshika kokoto mkononi. Na Ambokile je? Ambokile alikuwa anahangaika na jogoo wa mtu wa Mbeya aliyekuwa anawika ndani ya maiki. Alihudhuria kila kikao tangu cha kwanza, na hakusikia somo hata moja mpaka mwisho. Wanaume wengine wamepewa masikio ya kuning'inizia miwani tu.

Wiki mbili baadaye alimwambia kwenye simu, bila kuzunguka:

"Lusungu, nataka nikuoe. Nimeshamwambia baba, naye amefurahi. Unasemaje?"

Mawimbi tu yalisikika upande wa pili.

"Lusungu? Upo?"

"Nipo. Jibu nitakupa Jumapili, kikaoni."

"Mbele ya watu wote wale?"

"Mbele ya watu wote wale. Tulia tu uangalie, mpenzi."

Alikuwa hajawahi kumwita mpenzi. Ambokile hakulala vizuri wiki nzima.

Jumapili ile watu mia na ishirini na wanne waliingia. Lusungu alikuwa amevaa gauni jeupe, shanga nyekundu shingoni, nywele amezisuka upya, na alitabasamu mpaka Ambokile akasahau kuwaruhusu waliokuwa wanasubiri nje. Kisha Mzee Ebeneza akaingia, akasafisha koo.

"Mugonile nyote. Na binti yangu Lusungu, ugonile?"

Kamera ya Lusungu ikazimwa. Pale penye uso ule pakabaki jina tu.

"Mimi nimeshinda salama," sauti yake ilisikika taratibu. "Ndaga fijo, asante sana, kwa yule anayetufundisha."

Kwenye picha ya Mzee kikaonekana kiganja, kikauziba uso wake, naye pia akazima. Shangazi Kisa, dada yake Mzee, aliyeolewa Karonga, akaachia kigelegele kirefu kilichopasua spika. Ambokile akamzima maiki. Alidhani simu ya shangazi imeharibika.

Alisubiri jibu saa nzima, uso wa Lusungu usirudi. Kikao kilipokwisha alimpigia.

"Ndiyo nini kile?"

"Ndiyo nini kipi?" Sauti ya Lusungu ilikuwa bado na furaha. "Hukuona?"

"Nimeona kwa macho yangu! Baba anakusalimia, unamzimia kamera. Unamwita yule. Baba yangu hana jina?"

"Ambokile, subiri. Ulikuwa unasikiliza alichofundisha?"

"Usinibadilishie habari. Kama hunitaki ungeniambia kwenye simu, si kumdhalilisha mzee wa watu. Mpaka na yeye akazima kwa aibu!"

"Nimekupa jibu mbele ya watu mia na ishirini na wanne," alisema Lusungu, na furaha ilikuwa imeshamtoka. "Kama wewe hukuliona, mimi sina la kukuongezea."

"Basi tumemalizana."

Ambokile alikata simu. Akaizuia namba ya Lusungu, kazi ya mitambo akamwachia binamu yake Godwin, na akajifungia dukani na hasira yake. Mzee angeweza kuyamaliza yote kwa sentensi moja. Lakini Jumatano ya wiki ile ile kiharusi kilimwangusha uani kwake, kikamvuta mdomo upande na kumfunga ulimi. Mtu aliyekuwa na jina la kila chungu na kila upepo hakuweza tena kuomba maji.

Aliishi hivyo miezi miwili. Mara nyingi Ambokile alipoketi kando ya kitanda, Mzee aliinua mkono ule mzima, akajiziba uso kwa kiganja, akamtazama mwanawe, akajiziba tena.

"Mwanga unakuumiza, baba? Ngoja," alisema Ambokile, akashusha pazia. Mzee aligeukia ukutani na machozi yakamtoka.

Kule Ikombe hali haikuwa nzuri. Msichana aliyemficha mkwe uso mbele ya kikao kizima, halafu mchumba asitokee hata kuleta salamu, hana pa kuuweka uso wenyewe. Kwenye tanuru wanawake walimwita mke wa simu. Lusungu aliendelea kusugua vyungu. Jumapili aliingia kikaoni, akafundisha kamera ikiwa imezimwa.

Mzee Ebeneza alifariki alfajiri ya Ijumaa, na Jumapili wakamzika Ikolo.

Mvua ilikuwa imekatika asubuhi. Kwaya iliimba chini ya turubai, na Godwin alisimama karibu na jeneza ameinua simu, maana watu wa kikao zaidi ya mia mbili walitaka kumuaga mwalimu wao. Ulipofika wakati wa kuaga, jeneza likafunguliwa, watu wakapanga mstari. Ndipo wanawake wa Ikombe walipoingia uani. Lusungu alikuwa wa mbele, kitenge cheusi, kilemba cheusi, chungu kikubwa kichwani. Alikitua mlangoni pa jiko. Hakuingia kwenye mstari. Alizunguka nyuma ya jiko, akajifunika khanga kichwani, akasimama ameelekea migombani.

Ambokile aliona yote hayo. Alimfuata nyuma ya jiko.

"Umetoka Ikombe mpaka huku kuja kumpa baba yangu kisogo?"

Lusungu hakugeuka. "Usinipandishie sauti msibani."

"Watu wa Dar wamemwomba Godwin asogeze simu wapate kumwona. Wewe uko hatua ishirini! Amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Siwezi kumtazama."

"Kwa nini?"

"Mwache huyo mtoto!" Shangazi Kisa alitokea pembeni ya jiko, macho yamevimba kwa kulia, bado na tope la safari ya mpakani Kasumulu kwenye sketi. "Unamuuliza kwa nini, wewe uliyezaliwa nyumba hii? Ulitaka amkodolee macho mkwe wake?"

"Mkwe? Shangazi, huyu alinikataa."

"Alikukataa lini? Kaka yangu alimsalimia, akajificha. Kaka naye akajificha. Mimi nikapiga kigelegele kwa furaha, na wewe, Ambokile, ukanizima!" Alimpiga begani, si kwa nguvu. "Mkamwana hamtazami mkwe. Hata amekufa. Hukumsikia baba yako anavyofundisha?"

Ambokile aliketi juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa pale. Alikiona kile kiganja kikipanda usoni, siku baada ya siku, na pazia alilolishusha yeye mwenyewe. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hakuwa amekilia tangu Ijumaa. Shangazi alimtazama, akatikisa kichwa, akarudi kwa waombolezaji.

"Ungeniambia," alisema Ambokile mwishowe.

"Nilikuambia. Nilidhani Mnyakyusa ni wewe."

"Nilikuwa nashughulika na mitambo."

"Najua." Lusungu bado alikuwa anaitazama migomba. "Miezi miwili naitwa mke wa simu, Ambokile. Hata salamu hukuleta."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Usiniharakishe leo." Alivuta khanga mbele zaidi. "Nilimficha kwa sababu nilitaka kuwa wa kwake. Lakini tangu Jumapili ile sijamwona, na sasa sitamwona kabisa. Nenda ukamwangalie vizuri, uje uniambie yukoje. Safari hii usikose kitu."

Ambokile alifuta uso kwa mkono wa shati. Alikwenda, akasimama mbele ya jeneza muda mrefu kuliko mtu yeyote kwenye mstari ule, mpaka Mchungaji Andrea akamgusa kiwiko. Akarudi, akasimama nyuma ya Lusungu.

"Wamemvalisha koti la kijivu," alisema. "Tai imefungwa vibaya, imekwenda upande."

"Angechukia."

"Angechukia sana. Ndevu wamemnyoa. Kuna kovu dogo kwenye kidevu, mimi mwenyewe sikuwahi kuliona."

"Na mdomo?"

"Umenyooka. Umerudi ulivyokuwa." Alisogea karibu naye. "Yuko kama mtu anayetafuta neno, na anajua litakuja."

Lusungu akaanza kulia chini ya khanga, taratibu kwanza, kisha kwa sauti ya mwanamke aliyefiwa nyumbani kwake. Wanawake wa nyumba waliokuwa jikoni waliisikia, wakasogeza mkeka wakamwachia nafasi. Uani kwaya ilinyamaza na nyundo ikaanza kugonga misumari.

"Wamefunika?" aliuliza.

Ambokile akachungulia.

"Wamefunika."

Ndipo Lusungu akageuka. Akashusha khanga mabegani, akamshika mkono mbele ya watu wote, na wakalifuata jeneza mpaka kaburini.