Moyo wa Rumaisa Uliponyamaza

Mtaa wetu wa Mkomani mzima hakuna mwenye masikio kama yangu. Punda akipita kichochoroni, najua ni wa nani kabla hajalia. Boti ikinguruma mbali, nitakwambia nahodha ni nani na kama ameshakula. Kwa hivyo hakuna aliyeujua moyo wa mdogo wangu Rumaisa kuliko mimi.

Moyo huo ulikuwa na sauti. Tik, tik, tik, kama saa iliyofichwa chini ya mto.

Rumaisa alipokuwa mdogo aliumwa koo mara nyingi. Tulimpa asali na ndimu, tukangoja. Ugonjwa ule ukamharibia mlango mmoja wa moyo. Mwaka jana madaktari wa Mombasa walimpasua, wakautoa, wakatia mlango wa kutengenezwa. Mlango huo kila ukijifunga, hugonga.

"Rumaisa, saa ngapi?" nilikuwa nikimtania.

"Saa ya wewe kuoga," alinijibu.

Wazazi wetu wanafanya kazi Mombasa. Nyumbani tuko sisi wawili na bibi yetu, Bi Mwanamkisi. Kila jioni Bibi alimpa Rumaisa kidonge cha kuzuia damu isigande.

Asubuhi moja Rumaisa alipiga mswaki, akatema damu.

"Bibi, fizi zatoka damu."

"Ndoo hapa, sogea nikuangalie." Bibi akamfunua mdomo. "Yallah! Dawa hii yammaliza mwana damu!"

Mimi, msomi wa kidato cha nne, nikatoa hekima yangu. "Bibi, fundi akishatia mlango, hurudi kila siku kuupaka dawa? Mlango umeshaingia. Kazi imekwisha."

"Hayo ndiyo maneno," akasema Bibi. Kidonge kikapanda juu ya kabati, kikakaa huko.

Bibi akaanza kumrudishia damu. Leo kisamvu, kesho mchicha, kesho kutwa kisamvu tena. Rumaisa alisema atageuka mbuzi.

Baada ya wiki chache ile tik, tik ikafifia. Siku moja nikaweka sikio kifuani mwake. Kimya.

"Bibi! Umenyamaza!"

Bibi akainua mikono. "Alhamdulillahi! Moyo umeukubali mlango."

Tukafanya kisomo cha shukrani. Wanawake wa mtaa wakajaa ndani, udi ukafukizwa. Mimi nikawa napandisha masinia ya halua na kahawa mpaka kichwa cha ngazi. Mwishoni akaja jirani yetu Bi Hadia, muuguzi wa zahanati, buibui limefunika sare yake ya kazi.

"Bi Hadia, ndoo usikie," Bibi akamwita. "Kimya kama msikiti baada ya swala."

Bi Hadia akaweka sikio. Wanawake wakajiandaa kupiga vigelegele. Yeye akauliza polepole, "Rumaisa mwanangu, usiku walala vipi?"

"Nalala nimekaa. Nikilala chali sipati pumzi."

"Na ngazi wapandaje?"

"Nakaa katikati, napumzika."

"Dawa yake iko wapi?"

Bibi akatazama kabati. Mimi nikatazama sinia.

"Kimya hiki si kupona," akasema Bi Hadia. "Damu imeganda pale mlangoni. Mlango haufunguki vizuri. Mtoto huyu yuko hatarini sasa hivi. Bakr, weka sinia, tafuta boti!"

Akampigia daktari simu. Gari la wagonjwa likaandaliwa ng'ambo, Mokowe. Tulipoingia botini, midomo ya Rumaisa ilikuwa imepauka.

"Lakini mlango ni mpya," nikasema.

"Mpya, ila si nyama ya mwili wake," Bi Hadia akanijibu. "Damu ikigusa kitu kigeni hutaka kuganda. Kidonge ndicho kinachoizuia. Ndiyo maana atakimeza kila siku, maisha yake yote."

"Na ile damu ya fizi?" Bibi akauliza.

"Huenda dawa ilizidi. Hilo hujulikana kwa kupima damu. Mngemleta siku ileile, daktari angempimia kiasi kipya. Kuikata dawa si kazi yako, Bi Mwanamkisi, wala si kazi ya msomi wetu huyu."

"Basi kisamvu ni sumu?"

"La. Ila kisamvu na mchicha husaidia damu kuganda. Ale kiasi kilekile kila wiki. Msimshindilie mwezi huu, mwezi ujao mkamnyima. Tena asipewe dawa ya maumivu ya dukani bila kutuuliza. Asiumikwe damu kwa pembe, asichanjwe na mganga. Na akienda kung'oa jino, daktari wa meno aambiwe kwanza habari ya moyo wake."

Rumaisa akanishika mkono. "Kaka, nitakufa?"

Nikampangusa maji ya bahari usoni. Bibi ndiye aliyesema, "Twarudi sote, inshallah."

Mokowe gari lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Bi Hadia akapanda naye. Sisi tukabaki gatini.

Mombasa walimpiga picha ya moyo, wakaliona bonge la damu. Wakamtia dawa ya kuliyeyusha kupitia mshipa. Siku zile Bibi hakuondoka kwenye mswala. Kisha simu ikalia. Alikuwa Mama. Aliiweka simu kifuani mwa Rumaisa.

Tik, tik, tik.

Bibi alilia mpaka ushungi ukalowa.

Rumaisa amerudi shule, na ngazi anazipanda mbio. Mboga zake hupimwa kwa bakuli moja. Damu yake hupimwa zahanati. Na mtoto yeyote wa mtaani akilalamika koo, Bibi humfukuza mama yake ampeleke kwa Bi Hadia kabla asali haijafunguliwa.

Juzi nilimpeleka Rumaisa kupimwa.

"Kipimo kizuri sana," akasema Bi Hadia. "Nani humkumbusha dawa?"

"Mimi," nikajibu, kifua mbele. "Kila jioni baada ya Maghribi. Hata mpira ukichezwa, nauacha."

Rumaisa akacheka mpaka moyo wake ukagonga mbio.

"Bi Hadia, huyu akiniletea maji huwa nimeshameza, mbele ya Bibi. Namwachia tu, asione haya. Na jana hayo maji hakuyaleta. Alikuwa barazani amevua shati, anashangilia goli."

Bi Hadia akaweka kalamu chini. "Bakr?"

Nikaanza kuisifu dari ya zahanati.