Aliyekata Sura ya Tisa

Jumamosi, saa nane mchana, Inspekta mstaafu Tobias Wesonga alifungua kitabu alichokisubiri mwezi mzima, akakuta sura ya tisa haipo. Kurasa sita zilikuwa zimekatwa kwa wembe.

Kilikuwa kitabu cha historia, habari za kweli tupu: mwenye duka aliyeuawa Dagoretti mwaka 1958, na mpishi kutoka magharibi mwa nchi aliyenyongwa kwa kosa hilo. Jalada la nyuma liliahidi kwamba sura ya tisa inamtaja muuaji halisi. Kumkatia msomaji hapo ni ukatili, na Tobias alikasirika kama mtu aliyenyang'anywa sahani katikati ya mlo.

Kikundi cha kusoma cha kanisa moja la Kangemi kilikuwa na nakala hiyo moja tu, nao wakapokezana. Alianza Virginia, mwalimu mstaafu. Akafuata Mzee Ndegwa, mwenye ploti za kupangisha, kisha kitabu kikafungiwa kabatini hadi zamu ya Tobias. Ufunguo alikuwa nao Millicent, mtunza maktaba, kwa hiyo mchungaji hakuumiza kichwa: Millicent aeleze kufikia Jumamosi inayofuata, au aache kazi.

"Inspekta, hiyo kitabu hata sijaifungua," Millicent alimwambia Tobias. "Na watoto wangu wanakula hii kazi."

Tobias alianza na Virginia, nyumbani kwake karibu na Dagoretti Corner. Alikaribishwa chai, akaonyeshwa picha za vijana wawili ukutani: Mwaura, kifungua mimba, anayefanya kazi Nakuru, na Ndegwa, wa pili, anayeishi na mama yake na kumwendesha kwa gari. Kuhusu kitabu, Virginia alisema kilimchosha akakiachia sura ya sita. Tobias alishangaa kidogo, maana mama huyu hakuwahi kuacha kitabu njiani, lakini chai ilikuwa tamu na hakufuatilia.

Mzee Ndegwa naye alisema alisoma habari za mashamba tu. Mauaji hayakumhusu.

Jumatano Tobias alikwenda katikati ya jiji, kwenye maktaba yenye nakala nyingine ya kusomea humo humo. Aliisoma sura ya tisa hadi akasahau chakula cha mchana. Muuaji alikuwa mshirika wa marehemu dukani, jina lake Ndegwa, aliyekufa mwaka uliofuata akaacha mke na mtoto mchanga. Picha yake ilikuwepo: kijana mrefu mwenye koti, akicheka.

Tobias alijiona amemaliza kazi. Alirudi Kangemi mbio, akamkabili mwenye ploti. Mzee Ndegwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Inspekta, umekaa Nairobi miaka ngapi na bado hujui vile sisi tunapeana majina? Mimi ni kijana wa kwanza kwetu. Nimeitwa babu yangu, baba ya baba, na yeye alikufa kama hiyo duka haijajengwa. Hiyo kitabu inaongea juu ya Ndegwa mwingine."

"Na huyo mwingine, nitapata wapi jina lake?"

"Kama aliacha msichana, angalia kijana wa pili wa huyo msichana. Wa kwanza anaitwa upande wa bwana. Wa pili anaitwa baba ya mama."

Tobias alikumbuka zile picha mbili ukutani kwa Virginia, akajiona mjinga.

Jumamosi walikutana wote maktabani. Tobias aliwasimulia alichosoma mjini na alichofundishwa na Mzee Ndegwa, kisha akamgeukia Virginia.

"Mama Mwaura, baba yako aliitwa nani?"

Virginia alifungua mkoba, akatoa Biblia, na ndani ya Biblia zile kurasa sita.

"Ndegwa," alisema. "Nilikata kwa aibu. Kijana wangu anajivunia hiyo jina. Nikasema nitazichoma, nikashindwa."

Tobias alimuuliza kwa nini. Katika miaka yake yote ya upolisi hakuwahi kuelewa kwa nini watu hubaki na ushahidi.

"Baba alikufa nikiwa mtoto wa kubebwa. Kwetu hakukuwa na picha yake hata moja. Nimemwona mara ya kwanza kwa hiyo kitabu, na hapo hapo nikasoma kwamba aliua mtu, akaacha mwingine anyongwe."

Tobias alimhurumia, wala hakuona haya kumhurumia. Millicent ndiye aliyenyoosha mkono akazichukua kurasa, na hakuwa na nia ya kubembeleza mtu.

"Mama Mwaura, wiki nzima nimeitwa mwizi na wewe umenyamaza. Utaenda kwa pastor saa hii, umwambie wewe mwenyewe. Hizi zinarudi kwa kitabu. Picha nitakutolea kopi."

Virginia alikubali, akamwomba msamaha mbele ya wote. Kisha akampigia simu mwanawe, aliyekuwa akimsubiri garini nje.

"Ndegwa, ingia ndani," alisema. "Kuja uone babu yako. Halafu nitakuambia alifanya nini."