Mstari Uliopita Juu ya Maji

Kila asubuhi ya likizo ya Pasaka, Ornella alifagia ua, akasugua masufuria ya jana, akajaza pipa maji, kisha akaanza kumzunguka mama yake.

"Mama, nimemaliza. Niende?"

Mama yake, Anne-Marie, alikuwa akichambua mboga za lengalenga kwenye ungo. Hakuinua hata kichwa.

"Unajua neno langu."

"Nisipande pirogi."

"Hata?"

"Hata kama iko ya bure."

"Hata kama iko ya Askofu mwenyewe," mama akamalizia. "Sasa nenda."

Usidhani mama huyo alikuwa mtu wa hofu za bure. Mwaka uliotangulia, pirogi moja, mtumbwi wa kuvushia watu, ilipinduka kwenye ghuba ya ziwa, kati ya mitaa ya Muhumba na Nguba, na jirani yao hakurudi. Tangu siku ile hakuna mtoto wa nyumba ile aliyeruhusiwa kukanyaga mtumbwi bila kuvaa jile, koti lile la kuelea majini. Ornella alikuwa na miaka kumi na miwili na neno hilo alilijua kama jina lake.

Alikokuwa akienda ni kwa Tante Apolline, mdogo wake mama, aliyekuwa mhandisi. Tante alikuwa na karakana kule Muhumba, chumba kimoja chenye nyaya kila pembe. Humo walifanya kazi watu watatu: Tante mwenyewe, Blanchard, aliyekuwa naye tangu walipomaliza masomo, na Yassine Tambwe, fundi aliyetoka Uvira si siku nyingi. Walikuwa wakitengeneza kifaa cha askari, kidogo kama mche wa sabuni. Walikiita Kobe, kwa kuwa kilikuwa na gamba gumu na kilikula umeme kidogo sana.

"Kule msituni simu hazishiki, na pa kuchaji hakuna," Tante alimweleza Ornella. "Ukungu ukishuka, askari hajui tena iko wapi. Akiumia, wenzake hawajui wamutafute upande gani. Kobe ndiye atawaambia. Anasikiliza setilaiti, anahesabu hatua, na mutu akikaa bila kutembea, Kobe naye analala ili betri isiishe."

Yassine ndiye aliyemtesa huyo Kobe. Alimwangusha kwenye sakafu ya saruji, akamloweka kwenye beseni, akamfukia matopeni, na kila mara alimchomoa akimpa pole kama mgonjwa. Ornella alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Yassine naye alimwita "Kapiteni" na kumpigia saluti kila alipoingia mlangoni.

Kazi ya Kapiteni ilikuwa moja. Amchukue Kobe ndani ya mfuko mdogo, atembee barabarani kuizunguka ghuba mpaka Nguba, ambako Blanchard alimngoja. Asikate njia, asipande chombo chochote. Njia ile Tante aliijua vizuri kwenye ramani, na alitaka kuona kama Kobe naye angeichora vilevile. Jumamosi kolonel, mkubwa wa jeshi, angekuja kukiona kifaa, na kama kingempendeza, kingeingia jeshini.

Basi siku moja Ornella akiwa njiani, akasikia makofi na nyimbo. Nzango! Wasichana walikuwa wamejipanga mistari miwili kwenye uwanja, wanaruka na kurusha mguu, huku wengine wakiwashangilia. Nani angepita hapo bila kusimama? Akasema moyoni, duru moja tu. Duru moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu, na alipokuja kuangalia juu, mawingu yalikuwa yameziba milima na Blanchard alikuwa bado anamngoja ng'ambo.

Chini kidogo, kijana mmoja alikuwa akisukuma mtumbwi majini kuelekea Nguba. Ornella aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Halafu akapanda. Alikaa amekunja magoti, Kobe mapajani, hakuthubutu hata kujikuna. Walivuka salama, hakuna aliyemwona, na akamkuta Blanchard anafungua mwavuli. Akashukuru Mungu, akadhani yamekwisha.

Waliporudi karakana, Tante alimwunganisha Kobe na kompyuta. Mstari ukatokea. Ukatoka Muhumba vizuri, ukafuata barabara, halafu ghafla ukaiacha nchi kavu na kukata juu ya ziwa, moja kwa moja mpaka Nguba, bila nukta hata moja katikati. Na katika kipande hicho chote, Kobe hakuwa amehesabu hata hatua moja.

Watu watatu waliinama mbele ya kioo.

"Ornella," Tante akauliza, "ulipita wapi?"

"Barabarani, tante."

"Njia yote?"

"Yote."

Alisema haraka, kama anayesoma sala aliyoikariri. Na hapa ndipo palipoharibika mambo, maana Tante alimwamini. Alimtazama mtoto wa dada yake, akamtazama Kobe, akaamua kuwa mwongo ni Kobe.

Kuanzia hapo, hewa ya karakana ile ilibadilika. Walimfungua Kobe, wakapima kila waya, hawakuona kitu. Wakamfunga, wakamfungua tena. Ndipo Blanchard alipoanza kunong'ona, tena karibu na mlango ambako Ornella alikuwa akifagia.

"Apolline, kitu hakijiharibu chenyewe. Nani alikifunga mwisho?"

"Yassine."

"Umeona. Na kila mara anatoka nje kupiga simu. Anaongea na nani? Hiki ni kitu cha jeshi, siyo redio ya jikoni. Kuna watu wangefurahi kama askari wetu wangepotea."

"Usiseme hivyo."

"Mimi nauliza tu."

Ah, hao wanaouliza tu! Kesho yake kabati la vifaa ambalo halikuwahi kufungwa lilifungwa, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwa Tante. Yassine aliuona. Tangu hapo aliacha mkoba wake wazi juu ya meza, daftari, koti na mswala vikionekana, ili anayetaka kuchungulia achungulie. Saluti ikaisha. Ornella alipoingia, alimwambia "bonjour" tu, akarudi kwenye kazi yake.

Ornella naye hakuwa na raha. Tante akimkazia macho, moyo ulimlipuka: amejua! Tante akinyamaza, vilevile: amejua, ananingoja niseme! Njiani alimwona yule kijana wa mtumbwi akija mbele yake, akajificha nyuma ya mama mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi. Alikuwa anaogopa jambo moja tu, mama yake asijue habari ya mtumbwi. Habari ya Yassine, alijiambia, watu wazima wataelewana wenyewe.

Alhamisi Blanchard alimwita pembeni.

"Ornella, siku ile mbele ya wewe kuondoka, Yassine alimugusa Kobe?"

Ni kweli alimgusa. Alikuwa amekaza mkanda wa mfuko usije ukamchubua bega, akamwambia, "Safari njema, Kapiteni." Ila hayo Ornella hakuyasema.

"Alimugusa," akajibu.

Blanchard akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Ornella alitamani kuongeza neno, lakini Blanchard alikuwa ameshageuka kwenda kwa Tante.

Ijumaa mchana Tante Apolline alifika nyumbani, akaketi jikoni kwenye kigoda bila kuvua hata viatu. Mama alikuwa anasonga bugali, na sambaza, vile visamaki vya ziwa, walikuwa wanakaangika.

"Nimemwambia Yassine asirudi tena," Tante alisema. "Kesho asubuhi anapanda gari ya Uvira."

"Alikubali?"

"Aliniuliza kitu kimoja tu: nitafika nyumbani Idi iko karibu, mama yangu akiniuliza kwa nini nimefukuzwa, nimujibu nini?"

"Mimi nilimutilia mashaka tangu siku ya kwanza," mama akasema huku akigeuza mwiko. "Alipokuja hapa nilimupa chai, akakataa. Mutu mwenye moyo safi anakataa chai ya watu?"

"Alikuwa amefunga, mama," Ornella akasema. "Ni Ramadani."

Mama aliinamia sufuria, akazidi kusonga. Ornella aliwatazama wale wakubwa wawili na akaona kitu kilichomtia hofu kuliko fimbo: Yassine angekwenda, angepita Luvungi, angepita Sange, angefika kwao na jina la mhaini, na hakuna mtu duniani aliyeweza kumzuia isipokuwa yeye.

"Kobe hakuharibika," akasema. "Alisema kweli. Nilipita juu ya maji. Nilipanda pirogi."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Bila jile?" mama akauliza polepole.

"Bila jile."

Mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomwogofya Ornella zaidi. Alimvuta akamkumbatia kwa nguvu. Kisha akamwachilia na kufuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Adhabu yako iko, wala usifikiri nitasahau," akasema. "Lakini kwanza vaa viatu. Apolline, simama. Mutu yule asilale na jina lile."

Sambaza waliungua, hakuna aliyewajali.

Walimkuta Yassine chumbani kwake, anafunga begi kwa kamba. Alipowaona mlangoni akanyoosha mikono pembeni.

"Mumekuja kutafuta nini tena? Begi ni hili, fungueni."

"Tonton," Ornella akamwita, kama mtu anayemwita mjomba wake, na machozi yakaanza. "Nilidanganya. Nilicheza nzango nikachelewa, nikavuka na pirogi. Tena Tonton Blanchard aliponiuliza, nilisema ulimugusa Kobe. Sikusema kwamba ulikuwa unanikazia mkanda. Unisamehe."

Badala ya kufoka, Yassine akauliza swali ambalo hakuna aliyelitazamia.

"Ndani ya pirogi ulikaa namna gani?"

"Kimya. Niliogopa hata kutikisika."

"Kimya," Yassine akarudia. Akaketi juu ya begi lake. "Hatua hakuna. Basi alilala! Alidhani umekaa chini unapumzika, akalala. Alipoamka, akajikuta Nguba."

"Kwa hiyo ni muzima," Tante akasema.

"Ni muzima, lakini iko na kosa, na kosa ni letu. Askari si wanavuka ziwa na mito? Kobe akilala wakati wanavuka, mtumbwi ukapinduka katikati, tutawatafuta wapi? Tungemupeleka jeshini vile." Akamgeukia Ornella. "Ungesema siku ile ile, tungeliona siku ile ile. Unaelewa?"

Ornella aliitikia kwa kichwa.

"Nitakusamehe," Yassine akasema. "Lakini usinidai kucheka leo. Iliniuma sana."

Tante Apolline alivua ufunguo shingoni. "Mimi ndiye mwenye kosa kubwa, Yassine. Huyu ni mutoto, aliogopa mama yake. Mimi ni mutu muzima, na nilikuhukumu bila kukuta kitu mkononi mwako. Chukua ufunguo huu, ukae nao wewe."

"Sitaki ufunguo," Yassine akajibu. "Nataka kabati libaki wazi kama zamani."

Palepale Tante alimpigia simu kolonel, akamwambia kifaa hakijawa tayari na sababu yake. Kolonel alinung'unika, mwisho akakubali kungoja mpaka Idi ipite. Yassine alikwenda Uvira kusherehekea na mama yake, akiwa mtu mwenye kazi yake, na aliporudi, Blanchard alimngoja kituoni. Waliongea kando ya barabara mpaka vumbi la gari likatulia, kisha Blanchard akambebea begi hadi Muhumba.

Wakamrekebisha Kobe. Sasa, hata akiwa usingizini, alifumbua jicho mara kwa mara kuuliza setilaiti kama amesogezwa. Siku ya kumpima ilipofika, mama Anne-Marie alisema kama ni mtumbwi, basi na yeye atakuwemo. Walivaa jile wote wawili, mama amemshika Ornella mkono toka mwanzo mpaka mwisho, na mama ndiye aliyefumba macho. Adhabu ya Ornella ilikuwa imeanza zamani: nzango marufuku mpaka shule ifunguliwe, na alikwenda mwenyewe, mama yuko nyuma yake, kumwambia yule kijana wa mtumbwi asibebe tena mtoto bila jile.

Karakana ilikuwa imejaa. Kolonel alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni. Kabla ya kuunganisha kompyuta, Tante Apolline alimweka Ornella mbele yake.

"Sikia, mutoto wangu. Ulificha kosa dogo, na likatafuta mutu wa kumukalia. Likamukalia asiye na hatia, kwa sababu alikuwa mugeni, na kwa sababu sisi wakubwa tulipenda kushuku kuliko kuuliza vizuri. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa lingali lako peke yako. Sasa niambie. Leo ulipita wapi?"

Kioo kilikuwa bado cheusi.

"Nilitoka hapa kwa miguu," Ornella akasema. "Tukapanda pirogi, tukavuka mpaka Nguba. Tukarudi kwa barabara." Akasita kidogo, akamtazama mama yake. "Pale uwanjani nilisimama. Walikuwa wanacheza nzango. Sikucheza, lakini nilitazama, mpaka mama akanivuta sikio."

Kolonel akakohoa ili asicheke. Yassine akabonyeza. Mstari ukatoka Muhumba, ukavuka ghuba nukta kwa nukta bila kukatika, ukageuka Nguba na kurudi kwa barabara. Pale uwanjani nukta zilikuwa zimerundikana.

"Pote iko kama alivyosema," Yassine akasema.

Kisha akasimama wima, akaunganisha visigino, akampigia saluti.

"Karibu nyumbani, Kapiteni."