Kitambaa cha Bluu kwenye Skrini

Mkono mmoja wa Nyangi ulimpakata Elvis, mwanawe wa miezi minne. Mwingine ulikuwa kwenye kipanya cha kompyuta. Nyangi alikuwa karani wa kliniki mbili za binafsi, moja Ndhiwa, nyingine Muhuru Bay, lakini kazi aliifanyia nyumbani kwake Suna. Programu maalumu ilimwezesha kutumia kompyuta za huko kana kwamba amekaa mbele yake.

Kila kliniki ilikuwa na kompyuta mbili: ya orodha ya wagonjwa na ya kutuma ujumbe wa miadi. Kwa hiyo juu ya skrini yake kulikuwa na vichupo vinne, vile vijisanduku vya kubofya ili kuhamia kompyuta nyingine. Vyote vilikuwa vya rangi moja. Nyangi hakujali, alijiona amevizoea. Mazoea hayo ndiyo yaliyomponza.

Jumanne alasiri mlango uligongwa. Alikuwa mama yake, Nyamoita, anayeanika omena, wale dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay. Alikuwa ameshika viatu mkononi, na miguu yake imejaa vumbi.

"Mama! Umetoka wapi?"

"Ndhiwa. Si mliniita kliniki? Nimekaa kwa benchi tangu asubuhi, wanasema jina langu haliko."

Nyangi alisoma simu ya mama: "Nyamoita, fika kliniki ya Ndhiwa Jumanne uchukue dawa za presha." Ujumbe ule aliutuma yeye.

"Lakini mama, kliniki yako iko hapo tu Muhuru. Mbona hukuuliza?"

"Wewe ndiye unaandika hizo meseji. Sasa nimuulize nani?" Mama aliketi taratibu. "Na dawa iliisha jana."

Machozi yalimtoka Nyangi. Alimpigia muuguzi wa Muhuru, naye akatuma cheti cha dawa kwenye duka la dawa la Suna. Mama alipomeza kidonge chake, ndipo Nyangi alipomwita jirani yake Mwanamvita, fundi wa kompyuta.

"Hebu nione, Mama Elvis," alisema Mwanamvita. Alitazama, akaguna. "Ulisoma orodha ya Muhuru, kisha ukabofya ujumbe wa Ndhiwa, nao hujiandikia jina la kliniki hiyo. Vichupo vimefanana mno, hata mimi ningekosea."

Nyamoita alikuwa akichungulia begani kwao. "Kwani hamfungi kitambaa?"

"Kitambaa gani, mama?"

"Kule ufuoni nyavu za kuanikia zote zinafanana. Usipofunga kitambaa kwa kona, omena yako inazolewa na mwingine. Changu ni cha bluu."

Mwanamvita alicheka kwa furaha. "Basi mama umenimalizia kazi! Nyangi, bofya kichupo cha Muhuru kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Kiweke kwenye kikundi kipya. Kipe jina, Muhuru. Sasa rangi."

"Bluu," alisema Nyangi.

"Na kile cha pili cha Muhuru kiburute humo humo. Vya Ndhiwa vifanye kikundi cha njano. Ukifanya kazi ya kikundi kimoja, kingine kikunje, usikione kabisa. Halafu gawa skrini sehemu mbili: orodha kushoto, ujumbe kulia. Utaona jina na kliniki yake kwa pamoja, bila kurukaruka."

Nyangi alijaribu mara tatu huku mama akimbembeleza Elvis. Mara ya nne hakuhitaji kuelekezwa.

Mwezi uliofuata alifungua bluu na kukunja njano. Alilitazama jina la mama kushoto, akalitazama tena kulia. Kliniki ya Muhuru Bay. Akatuma.

Jumanne saa tatu asubuhi simu iliita.

"Nimeshachukua dawa," alisema mama. "Nimerudi kwa omena yangu."

"Uliuliza kwanza kama ni kliniki yenyewe?"

"Niulize nini? Si wewe ndiye uliandika?"

Nyangi alimhamishia Elvis mkono wa pili, akakunja bluu na kufungua njano. Huko Ndhiwa pia kulikuwa na mama za watu.