Makofi ya Kipaza

Kofi la kwanza lilitoka bafuni, saa nne asubuhi, na bafuni hakukuwa na mtu.

Kipaza, ndivyo alivyojiita mshereheshaji huyu wa harusi, alikuwa sebuleni akijizoeza mbele ya viti vitupu, kama kawaida yake. Mkewe, fundi cherehani, alisimamisha mguu kwenye pedeli akasikiliza. Pa, pa, pa. Yalikuwa makofi ya mikono yenye maji.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia." Kipaza akatabasamu. "Hata kuta zinanikubali."

Maskini, badala ya kuogopa alifurahi. Mwenye njaa ya sifa haulizi nani kapika. Akaongeza maneno, makofi yakaongezeka. Wiki hiyohiyo akaitwa kwenye kumbi tatu kubwa, na nyumba ikaanza kunuka nywele zilizoungua.

Kisha jini lililokuwa likipiga makofi hayo likataka mikono ya mtu. Mchana mmoja, Kipaza akisimulia mezani alivyoshangiliwa, binti yao wa miaka sita aliacha kijiko akaanza kupiga makofi, akapiga huku analia, akapiga mama akimshika na baba akiendelea na hadithi yake, akapiga mpaka viganja vikachubuka na damu ikarukia sahani, macho yamemtoka akimtazama mama.

"Nyamaza, mume wangu," mama alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Unamuua mtoto."

Mganga waliyemwita, mama mmoja mwenye mafua, hakuzungusha maneno. "Jini hili linakula sifa. Siku saba huyu baba asisifiwe, wala asijisifu. Likionja tena kabla jua la siku ya saba halijazama, halitoki."

Kipaza alinyamaza. Haikuwa kazi ndogo: alikonda, akajifungia chumbani, akang'ata mto. Siku ya saba, wakati wa chakula cha mchana, mikono ya binti ilitulia. Akashika kijiko mwenyewe. Harufu ilikuwa imeisha. Mama alilia kwa furaha, na Kipaza akalia naye.

"Mke wangu," alisema, akijifuta machozi, "wangapi wangeweza hili? Kwa unyenyekevu, hakuna anayenifikia."

Jua lilikuwa bado juu ya paa.

Makofi yakaanza, mazito, ya mtu mzima. Mama akamgeukia mtoto upesi, akamkuta ametulia na kijiko chake, akimtazama yeye.

"Mama," mtoto alinong'ona, "acha."

Naye alitaka kuacha. Alitaka sana.