Nyumba Tuliyoichora kwa Majivu

Siku tulipoichora nyumba yetu mpya kwa majivu, mjinga wa boma zima nilikuwa mimi. Nasema hivyo mapema kwa sababu ukikutana na dada yangu Chepchumba atakusimulia mwenyewe, naye huongeza chumvi.

Ilikuwa Jumamosi, katika miaka ile ya tisini, nami nilikuwa darasa la saba. Jumamosi zetu huko karibu na Sosiot zilifanana. Tuliamka ukungu ukiwa bado umelalia michai, tukajifunga nailoni kiunoni ili umande usitulowanishe, tukachuma mpaka vikapu vikajaa. Baba alipeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, Mama akakamua, mimi nikateremsha ng'ombe mtoni. Hadi leo nikinusa majani mabichi ya chai yaliyorundikwa pamoja, vidole vyangu husikia baridi ya asubuhi zile.

Lakini Jumamosi hiyo Baba alirudi kutoka kituoni na mgeni. Alikuwa fundi Ogoti, mtu wa upande wa Kisii, ambaye alikuwa amejenga nyumba nyingi kule Sotik. Bonasi ya chai ilikuwa imetoka, na Baba alikuwa ameamua kujenga nyumba ya mabati. Nyumba yetu ya nyasi ilikuwa imechoka. Mvua ya mawe ikinyesha, tulihamisha vitanda kama watu wanaocheza bao.

Ogoti aliomba mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni kwa unga wa makaa, kabla ya kuonyeshwa kiwanja. Alisema maziwa yetu yamepakwa masizi na kwamba kwao mtu akipewa maziwa ya rangi hiyo huita majirani washuhudie. Kisha akaomba kikombe cha pili.

Baba akauliza nani atachora ramani. Nani tena, kama si mimi niliyesifiwa na mwalimu wa sanaa mbele ya darasa zima? Nikakimbilia kwa Kogo kuchota majivu. Kogo ndiye bibi yetu, mama yake Baba. Aliishi katika kibanda kidogo ambamo alipika na kulala, na moshi wa miaka mingi ulikuwa umemwingia kifuani. Usiku na mchana alikohoa. Daktari wa zahanati alikuwa amemwambia Baba waziwazi kwamba dawa pekee hazitasaidia. Bibi atoke kwenye moshi, alale katika chumba chenye dirisha, jua na hewa, la sivyo kifua hicho kitamshinda.

Kwa hiyo Baba alinieleza mpango wake. Jiko lijengwe kando, mbali na vyumba. Katikati iwe sebule. Upande mmoja chumba cha wazazi, kando yake chumba cha Chepchumba. Upande wa mashariki kuwe na chumba cha pembeni, na nyuma yake stoo ya mahindi. Halafu akaenda na Ogoti kuchonga vigingi.

Waliporudi, nyumba ilikuwa imelala chini, nyeupe na nadhifu. Chumba cha mashariki kilikuwa kimenenepa kuliko sebule, nami nilikuwa nimelala chali ndani yake, mikono chini ya kichwa, nikiwaonyesha mahali pa kitanda changu.

Baba alitaka kujua kwa nini nimejipa chumba hicho. Nikataja mtihani wa darasa la nane. Baba alikuwa ameacha shule akiwa mdogo, na neno mtihani lilimfanya avue kofia. Nikamwambia kwamba mtu anayejiandaa kwa mtihani anahitaji utulivu, mwangaza na meza. Mama akauliza Kogo atalala wapi. Nikamwonyesha stoo kwa ukarimu mkubwa, nikasema tukipunguza mahindi kidogo kitanda kitaingia. Mama alimtazama Baba. Baba alitazama majivu. Ogoti, ambaye hakuwa na haja ya kuingilia maneno ya wenyewe, akaanza kupigilia vigingi.

Hapo Kogo akatoka kwake na fimbo yake. Hakuruka mistari. Alizunguka mpaka mlangoni, akainama kana kwamba kuna kizingiti juu, akaingia. Akapita sebuleni, akachungulia chumba cha wazazi, akafika stoo. Akasimama katikati yake, akageuka huku na huku. Kisha akanijia.

"Mume wangu," aliniita, kwa kuwa bibi zetu hututania hivyo, "kitanda chako kinatazama nini?"

"Dirisha, Kogo. Jua litaniamsha."

"Na changu?"

"Chako hakitapigwa na baridi kabisa. Hakuna dirisha."

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika fimbo kwa mikono yote miwili mpaka kikapita. Alipopata pumzi alimuuliza Ogoti nyumba itakamilika lini.

"Mama, mwaka huu tunasimamisha nguzo na kukandika udongo," Ogoti akajibu. "Mabati yatangoja bonasi nyingine. Krismasi ya mwaka ujao mtakula ndani."

"Na Krismasi ya mwaka ujao Kipkoech atakuwa wapi?" Kogo akauliza, akininyoshea fimbo.

Nyundo ya Ogoti ilisimama hewani. Kwetu, mvulana akimaliza darasa la nane huingia jandoni Desemba hiyo hiyo. Akitoka huko ni mwanamume, na halali tena chini ya paa la mama yake. Hujengewa kibanda chake pembeni mwa boma. Hilo nililijua vizuri; kwa miezi mingi nilikuwa nikijigamba kwa Chepchumba jinsi nitakavyotoka jandoni nikiwa mkubwa. Na bado nilikuwa nimepigania, kwa jasho na kwa majivu, chumba ambacho nisingelala hata usiku mmoja.

Ogoti alicheka mpaka akakaa chini. Alisema hata kwao, ng'ambo ya Sotik, mambo ni yaleyale. Mimi nikang'ang'ania mtihani wangu.

"Mtihani si Novemba?" Chepchumba akauliza.

Baba alivua kofia, safari hii kwa aibu. Akachukua tawi, akanipa.

"Futa," alisema. "Umepanga nyumba ukijitazama mwenyewe, nami nikakufuata kama kipofu. Nyumba hupangwa kwa kumtazama mwenye shida. Wewe una miguu ya kutafuta jua popote. Kifua cha mama yangu hakiwezi kungoja."

Nilifuta, nikachora upya. Chumba cha mashariki kikawa cha Kogo, na Baba akaagiza madirisha mawili. Nyumba ilikwisha kama Ogoti alivyosema. Kifua cha Kogo hakikupona kabisa, lakini kilitulia, na kwa miaka mingi alikaa dirishani akichambua maharagwe na kuwasema waliopita njiani. Siku hizi nikienda nyumbani huingia chumba kile, nikakaa kidogo mahali pake. Jua la asubuhi bado linajua njia.

Lakini siku ile, nikiwa na tawi mkononi na majivu puani, sikukubali upesi. Nilikuwa nimebakiza neno moja, nikalitoa kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

"Kwa hiyo katika nyumba nzima ya baba yangu, mimi sina hata mahali pa kukaa?"

Mama hata hakuinua macho kutoka kwenye mtungi wa maziwa aliokuwa akiusugua.

"Unayo sebule," alisema. "Wageni wote hukaa hapo."